Linachemsha Lini?

Leo nina neno na wenye magari ya zamani ya kazi, zile hadtopu na Land Rover zinazotuvusha kwenye mchanga wa huku kwetu, kuanzia Lupaso hadi Masasi mjini na kupanda mpaka Newala. Nina neno pia na abiria wa magari hayo, maana wao ndio wanaoteremshwa na kungoja juani boneti linapofunguliwa. Nataka tuzungumze juu ya gari linalochemsha likiwa limesimama.

Likiwa limesimama, nasisitiza. Njiani halina shida. Linakata mchanga, linapanda kilima na mzigo wake, na mshale wa joto umetulia katikati. Lisimamishe sasa sokoni, injini ikizunguka polepole, hali ile mafundi wetu wanayoiita sailensa, halafu ukae ukipiga soga na jamaa. Baada ya dakika kumi mshale unaanza kutambaa. Baada ya robo saa unakaribia wekundu. Dereva akishtuka na kuondoa gari, hafiki mbali mshale unateremka wenyewe, na yeye anasema moyoni kwamba labda ilikuwa geji tu.

Lupaso watu wengi nchini waliisikia vizuri mwezi Julai 2020, Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipozikwa kijijini kwao. Sisi wa huku tunaijua zaidi kwa korosho, na korosho ndizo zilizonifundisha habari ya leo.

Mjomba wangu hapo Lupaso alikuwa na hadtopu, Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ. Wanaoijua injini hiyo wanaiheshimu. Ilianza kutengenezwa mwaka 1990, silinda sita kwa mstari, ujazo wa lita 4.2, dizeli, haina tabo wala kompyuta. Ni injini ya kuvumilia. Msimu huo gari lilikuwa likisomba korosho kutoka mashambani kwenda ghala la chama cha msingi, na mbele ya ghala kulikuwa na foleni ya mizani. Kwenye foleni mjomba hakuzima. Betri ilikuwa imechoka na stata inagoma, na gari lenye magunia nyuma halisukumiki kwenye mchanga hata ukipata vijana kumi. Kwa hiyo liliachwa lingurume saa nzima, mara nyingine mbili. Likumbukeni jambo hilo la betri.

Likaanza kuchemsha. Mjomba akalipeleka gereji. Sitaitaja, na wala haina maana kuitaja, kwa sababu waliyoyafanya yanafanyika kila mahali. Kwanza waliondoa themostati, wakasema huku ni joto, themostati ni ya nchi za baridi. Gari likaendelea kuchemsha. Wakabadilisha wotapampu. Likachemsha. Wakashusha rejeta, wakaipiga rodi kusafisha mirija yake, wakairudisha. Likachemsha, tena safari hii mapema zaidi. Hapo ndipo walipotamka neno ambalo mwenye gari hapendi kulisikia: silinda hedi ishushwe. Mjomba alikuwa ameshatoa fedha aliyotaka kupalilia nayo shamba. Akarudi nyumbani na gari lake, akaliegesha chini ya mkorosho, akakaa kimya.

Jirani akatupa habari za mzee mmoja upande wa Masasi, fundi aliyestaafu kazi za barabara, anayefanyia kazi uani kwake chini ya mwembe. Tuliondoka alfajiri. Nakumbuka alivyotupokea.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Gari lina nini?"

Mjomba akaanza kueleza: linachemsha, themostati imetolewa, pampu mpya, rejeta imepigwa rodi. Mzee akamwacha amalize. Kisha akauliza, "Linachemsha lini?"

"Linachemsha, mzee mwenzangu. Hata juzi limechemsha."

"Kwamba linachemsha nimeelewa. Nauliza lini. Likiwa linatembea au limesimama? Lina mzigo au tupu? Asubuhi au mchana?"

Kati ya mafundi wote waliopokea fedha ya mjomba, huyu alikuwa wa kwanza kuuliza hivyo. Nimeibeba hadithi hii mpaka redioni kwa sababu ya swali hilo.

Sababu yake ni hii. Joto la injini hutolewa na vitu viwili vinavyopokezana: maji na hewa. Maji hulichukua joto kutoka kwenye silinda na kulipeleka kwenye rejeta. Hewa hulipokea pale kwenye rejeta na kwenda nalo. Gari likiwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, upepo unaingia wenyewe kwa mbele, na feni inakuwa na kazi ndogo tu. Gari likisimama, upepo huo haupo. Hewa yote inayopita kwenye rejeta ni ile inayovutwa na feni peke yake, na feni yenyewe inafuata mzunguko wa injini, ambao kwenye sailensa ya dizeli kama ile ni mara 650 au 700 hivi kwa dakika. Kwa hiyo gari linalotembea vizuri na kuchemsha likisimama limekwisha kukwambia pa kuanzia: tafuta hewa. Lile linalochemsha mlimani likiwa na mzigo na kupoa likiegeshwa, hilo tafuta maji, yaani mirija iliyoziba, themostati iliyokwama, au paipu ya chini inayonywea ndani pampu ikivuta kwa nguvu. Mafundi wa kwanza walitibu maji kwenye gari lililokuwa linalilia hewa. Walifanya kazi kwa bidii, sina shaka, ila waliifanya mahali pasipouma.

Mzee alimwagiza mjukuu wake alete karatasi. Mtoto akachana ukurasa wa daftari la shule lililokwisha. Injini ikawashwa, ikaachwa ishike joto. Mzee akafungua boneti, akaenda mbele ya gari, akaileta karatasi karibu na sho, yale matundu ya mbele ya rejeta, akaiachia. Karatasi ilipaswa kunaswa na kubaki imebandika pale kwa mvuto wa feni. Ilianguka. Akaiokota, akajaribu pembeni kulia, ikaanguka. Akajaribu katikati kabisa, mbele ya kitovu cha feni, ikashika kidogo, ikatetemeka, ikateleza chini.

"Gari hili halipumui," alisema.

Akazima injini. Hapa nawaomba vijana wasikilize vizuri: alizima kwanza, akasubiri vitu vyote vitulie, ndipo akapeleka mkono kwenye feni. Hadtopu hizi feni yake haikufungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya pampu. Katikati kuna kluchi ya feni, kile kidude cha duara chenye mapezi, na ndani yake kuna mafuta mazito ya silikoni. Injini ikiwa ya baridi kluchi inalegeza, feni inazunguka kivivu. Injini ikishika joto, kale kaspringi ka mbele kanafungua njia ya mafuta, kluchi inabana, na feni inavuta kwa nguvu. Feni ya gari la moto lililozimwa ukiisukuma kwa kidole inatakiwa iwe nzito, isogee kidogo na kusimama. Mzee aliisukuma feni ya mjomba. Ikazunguka kama pia ya mtoto, raundi tatu na zaidi. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kluchi, akatuonyesha: vumbi jekundu limegandamana na utelezi. Mafuta ya silikoni yalikuwa yamevuja siku nyingi, na vumbi la barabarani likaandika ushahidi wake pale pale.

Kuna mafundi ambao kluchi ikifa hivyo huipiga bolti au kuichomelea iwe kitu kimoja. Siwalaumu sana, maana spea iko mbali na mwenye gari anataka kuondoka leo. Kwa sailensa inasaidia kweli. Ila jueni gharama yake: feni itavuta kwa nguvu muda wote hata pasipo haja, italamba dizeli, itapiga kelele, na siku gari likiingia kwenye mto uliojaa, zile pangaboi zinapokata maji hupinda kwenda mbele na kuchana rejeta. Kluchi nyingi za Toyota zinafunguka na kujazwa mafuta mapya ya silikoni. Fundi mwenye subira anaweza kazi hiyo mezani kwake.

Lakini mzee hakuishia kwenye kluchi. Aliinama, akatazama nafasi iliyopo kati ya feni na rejeta, akauliza, "Kava la feni liko wapi?"

Mjomba akanitazama. Mimi nikamtazama mjomba. Nilikuwa nimeliona. Lilikuwa nyumbani, uani, limefunikia vifaranga.

Gereji ya kwanza iliposhusha rejeta kuipiga rodi, kava lile la plastiki liliwasumbua kulirudisha, wakampa mjomba mkononi wakisema si lazima. Shangazi akalionea kazi. Duara lake la katikati linaingiza hewa, vifaranga hawatoki, mwewe haingii. Na kuanzia siku hiyo ndipo gari lilipoanza kuchemsha mapema zaidi, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Kava la feni linaonekana kama pambo, ndiyo maana linatupwa kirahisi. Kazi yake ni kuilazimisha feni ivute hewa kupitia uso wote wa rejeta. Rejeta ni ya pembe nne, feni ni ya mviringo, na mahali pasipo na kava feni inavuta kipande cha katikati tu, na hata hicho kwa uvivu, kwa sababu hewa hupenda njia rahisi. Inazunguka pembeni mwa feni kutokea kwenye injini, hewa ambayo tayari ni ya moto, na kurudishwa tena kwenye injini. Kwenye mwendo hasara hiyo haionekani, upepo wa mbele unaifunika. Kwenye foleni ya mizani inaonekana yote. Na kava likirudishwa likae sawasawa: pangaboi ziwe karibu nusu ndani ya duara lake na nusu nje. Likiwa limepasuka, lishoneni kwa waya. Mzee wetu alikuwa na lake la Land Rover alilolishona kwa waya wa shaba, mshono mzuri kama wa mkeka.

Jambo la tatu alilionyesha kwa tochi. Alimulika kutokea upande wa injini, akaniambia niende mbele nitazame kama naona mwanga kupitia rejeta. Niliona mwanga juu. Chini, karibu theluthi nzima, giza. Mle kwenye vipezi vyembamba kulikuwa na mbegu za nyasi, mabawa ya wadudu, na ule udongo wetu mwekundu uliochanganyika na oili ya injini inayovuja, ukawa kama ugali uliokauka kwenye sufuria. Kulikuwa na unga wa njano pia. Mjomba aliutambua mara moja. Mwezi wa sita gari lilibeba salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, mifuko mingine imepasuka, na gari lilisimama shambani mashine zikipuliza, feni ikiuvuta ule unga kama inavyovuta kila kitu. Ndiyo maana nasema kwamba magari ya huku yana magonjwa ya huku. Gari linaloishi kwenye lami halimezi salfa.

Kuosha rejeta hakuhitaji gereji. Loweka kwa maji ya sabuni ya unga ili oili ilegee, acha kwa muda, kisha mwaga maji kutokea upande wa injini kuelekea mbele, uchafu urudi ulikotoka. Msukumo uwe mdogo. Nimeona vijana wakielekeza mashine ya kuoshea magari kwenye rejeta kwa nguvu zote, vipezi vyote vikalala, na rejeta ikaziba kwa kuoshwa. Ndoo moja ya lita 20 inatosha ukiwa makini.

Na neno hilo, ndoo moja, huku kwetu lina uzito. Uwanda wa Makonde unapokea mvua lakini hauishiki. Maji yanazama kwenye mchanga wa juu na kwenda kutokea chini kabisa, kwenye kingo za uwanda, kama chemchemi zile za Ndanda. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alikaa Newala akichunguza maisha ya watu wa huku, na moja ya mambo aliyoyaandika ni taabu ya maji, jinsi yalivyofuatwa mbali bondeni. Miaka ya 1950 ulianza mradi wa kuyasukuma maji kwa mashine kutoka mabondeni kuja juu, na mpaka leo kaya nyingi huchimba matangi ya kuhifadhia maji ya mvua yatokayo kwenye bati. Mama aliyeyabeba maji hayo kichwani anaombwa na dereva ndoo mbili kwa ajili ya gari lililochemsha, anatoa, kwa sababu ni ubinadamu. Kesho yake linapita gari lile lile, limechemsha tena. Inaniuma. Gari linalochemsha likisimama huwa linatema maji yake kwa sababu hewa haipiti, na ukiongeza maji bila kuitafuta hewa, unamwaga maji ya yule mama barabarani.

Halafu kuna aina ya maji yenyewe. Ya visima vingi yana chumvi, na chumvi hiyo ndiyo inayoganda kwenye mirija ya rejeta mpaka inaziba kama birika la zamani. Ya mvua kutoka kwenye tangi safi ni mazuri zaidi, na ukiyachanganya na kulanti nusu kwa nusu unailinda injini na kutu. Watu hudhani kulanti ni ya nchi za barafu. Kazi yake kubwa kwetu ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Kiwango cha kuchemka kinanikumbusha kifuniko cha rejeta, kitu kidogo kinachodharauliwa. Maji ya kwenye sufuria yanachemka nyuzi 100 pwani, na huku juu, mita 600 na zaidi kutoka usawa wa bahari, yanachemka karibu nyuzi 98. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9 kinayabana maji yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 120. Mpira wake ukikatika au springi ikilegea, nafasi hiyo yote imekwenda, na gari linachemsha katika joto ambalo jana lilikuwa la kawaida. Wengine huziba kwa kitambaa na kipande cha nailoni. Kifuniko kipya ni bei ndogo kuliko safari moja iliyokatika. Na kisifunguliwe gari likiwa la moto, hata kwa tambara, hata polepole. Nimemwona utingo aliyeungua uso na kifua kwa namna hiyo, na nisingependa kumwona mwingine. Ngoja mpaka paipu ya juu ishikike mkononi. Na ukiongeza maji, injini iwe imepoa, maana maji ya baridi kwenye chuma cha moto hupasua silinda hedi. Hizo Land Rover za 300Tdi hedi yake ni ya aluminiamu, ikichemshwa vibaya mara moja tu inapinda.

Sasa themostati. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Tabia ya kuitoa na kuitupa imeenea mno, na hoja ni ile ile ya nchi za joto. Themostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 76 na 88, na hakuna nchi yenye hewa ya nyuzi hizo, Masasi wala jangwani. Ni kipimo cha injini, hakihusu hali ya hewa. Tena injini nyingi za Toyota zina themostati yenye sahani mbili: moja inafungua njia ya kwenda rejeta, nyingine, wakati huo huo, inaziba njia ya mkato ambayo maji huitumia injini ikiwa ya baridi. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka na kurudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Ulitaka kupooza, umefanya kinyume. Kama unaishuku, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, chemsha, itazame. Ikifunguka ni nzima, irudishe. Isipofunguka nunua nyingine.

Msikilizaji mmoja wa Newala aliniuliza juu ya Land Rover yake ya zamani: mshale wa joto unapanda gari likisimama, lakini maji hayapungui, hakuna mvuke, paipu haziko ngumu. Nilimwomba atazame geji ya mafuta kwa wakati ule ule. Akarudi akasema, nayo inapanda, ingawa hajaongeza dizeli. Geji mbili zikipanda pamoja ni geji zinazodanganya. Land Rover hizo zina kidude nyuma ya dashibodi kinachosawazisha umeme wa geji kwenye volti 10, na kikiharibika, au waya wake wa bodi ukishika kutu, geji zote mbili husema uongo kwa sauti moja. Alisafisha waya, habari ikaisha. Nimeitaja kwa sababu kuna watu wameshusha injini kwa kosa la waya.

Silinda hedi nayo huwa mgonjwa kweli, sikatai. Gari likiwa limelala usiku kucha, fungua kifuniko cha rejeta asubuhi, washa, tazama maji. Vipovu vikitoka mfululizo bila kukoma, au paipu ya juu ikawa ngumu kama fimbo kabla injini haijashika joto, au oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, hapo gasketi imekwenda na fundi akisema ashushe, mruhusu. Ya mjomba haikuwa na dalili hata moja ya hizo. Mkanda wa feni nao utazamwe mapema kuliko yote, maana ni kazi ya dakika mbili: usiwe unang'aa kama kioo, na ukiubonyeza kwa dole gumba ulegee sentimita moja hivi, usizidi sana. Hadtopu nyingi zina mikanda miwili, ibadilisheni yote miwili kwa pamoja.

Na mshale ukikukuta unapanda uko kwenye foleni, huna vifaa wala fundi? Zima kiyoyozi kama kipo. Fungua hita mpaka mwisho, uvumilie joto miguuni, kwa sababu hita ni rejeta ndogo ya pili. Piga resi kidogo ushikilie mizunguko kama 1,500, feni na pampu ziende haraka zaidi. Na kama nafasi ipo, ligeuze gari pua yake itazame upepo unakotoka. Mzee yule alisema madereva wa zamani walikuwa wakiegesha namna hiyo bila kuambiwa.

Kazi ya gari la mjomba ilichukua siku moja na nusu. Kluchi ilijazwa mafuta mapya. Rejeta ikaoshwa kwa sabuni. Themostati ikanunuliwa Masasi mjini ikarudishwa mahali pake. Mimi nilitumwa Lupaso kwa pikipiki kulifuata kava, na shangazi alilitoa baada ya kunifanya niwahamishie vifaranga kwenye tenga. Jioni ya siku ya pili mzee aliwasha gari, akaliacha kwenye sailensa, tukala ugali na kisamvu, tukanawa, tukarudi. Mshale ulikuwa katikati. Akachukua ule ule ukurasa wa daftari, akausogeza kwenye sho. Ulichomoka mikononi mwake kabla hajauachia, ukabandika, na hesabu za mjukuu wake zikasomeka pale kama zimegundishwa.

Alipolipwa, akamwambia mjomba jambo moja: anunue betri, na stata itengenezwe, kwa sababu gari hilo limefundishwa kuugua kwa kutozimwa.

Mjomba alinunua betri baada ya mnada wa korosho uliofuata, na brashi za stata zikabadilishwa. Nilikuwa naye kwenye foleni siku ya kwanza. Tulifika, gari kumi mbele yetu, zote zinanguruma. Akavuta breki ya mkono, akaweka mkono kwenye ufunguo, akasita kidogo kama mtu asiyeamini, kisha akazima. Nyuma yetu dereva mwingine akazima. Kisha wa mbele. Palikuwa kimya mpaka tukamsikia karani kwenye mizani akisoma uzito wa gunia la kwanza.